Mbwa wa miaka minne anaweza kuanza IGP au nimeshachelewa?

BintiMoro
Wakuu habari za jioni. Niko Ujerumani upande wa Dortmund, nina mbwa jike wa aina ya German shepherd anaelekea miaka minne, nimepewa na mama mmoja mzee aliyehamia nyumba ya wazee. Hana shida ya tabia, anakaa ukimwambia, anakuja ukimwita kama hajaona sungura, basi. Nimeenda kuangalia mazoezi ya IGP, ule mchezo wa mbwa wenye kunusa nyayo, utii na kung'ata, kwenye klabu ya jirani nikapenda mno, hasa yale matembezi mbwa uso juu anamtazama mwenye wake hatua kwa hatua. Sasa jamaa mmoja pale uwanjani kaniambia huyu ameshakomaa nitafute mtoto nianze naye upya. Mimi sitaki mbwa mwingine, namtaka huyu huyu. Inawezekana kweli? Na naanzia wapi, maana kuna kunusa, kuna utii, kuna kung'ata, vyote ni vigeni kwangu.

FundiNyayo
Dada inawezekana, tena usikate tamaa kabisa. Sheria zinaweka umri wa chini tu, mtihani wa BH miezi 15 na IGP 1, yaani ngazi ya kwanza, miezi 18, wa juu haupo. Mimi niko huku Ujerumani kwenye mchezo huu miaka mingi na mbwa mkubwa nampenda kumfundisha, mifupa imeshafunga, kichwa kimetulia, kazi anaikazania. Kinachosumbua ni mazoea. Miaka yote hiyo amejua nje kuna harufu na sungura na mbwa wenzake, na wewe uliyeshika kamba ni wa kushika kamba tu, kwa hiyo miezi ya mwanzo kazi yako ni kumfanya aone vitu vizuri vyote vinatoka kwako, chakula, mchezo, vyote.

Kabla ya lolote mpeleke kwa daktari apigwe eksirei ya nyonga na viwiko, mbeleni kuna kuruka kiunzi na kupanda ukuta wa mbao na German shepherd nyonga zinawasumbua sana. Usiruke hatua hii hata kama anakimbia vizuri.

Halafu anza na kunusa, ndipo mbwa mkubwa anapong'aa. Nenda asubuhi umande upo, hajala, tafuta majani mafupi ambayo watu hawajapitapita. Kanyaga mraba wa kama hatua mbili kila upande, kanyaga kweli kweli majani yapondeke, maana anachofuata siyo harufu ya kiatu chako peke yake, ni majani yaliyovunjika na udongo uliotibuka. Mwaga humo vipande vya soseji vidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Mlete na kamba, muache ale na kunusa, na wewe kaa kimya, usimwonyeshe kwa kidole, usimvute. Akiinua kichwa simama tu usubiri pua irudi chini. Akishaelewa kwamba pua ndiyo inayomlisha, toa mstari wa nyayo kutoka kwenye mraba, mguu mbele ya mguu, kipande kwenye kila alama ya kisigino. Unapunguza vipande polepole sana. Kwenye IGP 1 njia unaikanyaga mwenyewe, hatua 300, hivyo haya ya asubuhi ndiyo mtihani wenyewe.

Chui_wa_Hamburg
Mimi naona mnamdanganya dada. Mbwa mkubwa bila kola ya miiba hasikii, ataharibu muda tu.

FundiNyayo
Mkuu hapana, na tusimwingize kwenye matatizo. Tangu tarehe 1 Januari 2022 sheria ya hapa imekataza kutumia kola ya miiba na kitu chochote cha kumuumiza mbwa kwenye mafunzo. Tena siyo sheria tu, mbwa anayetembea kwa kuogopa shingo utamwona masikio nyuma mkia chini, na jaji anakata alama. Kila sehemu kati ya zile tatu ni alama 100 na unatakiwa upate 70 kila moja, huwezi kuzipata na mbwa mwenye huzuni.

AskariMbwa254
Niko Nairobi, nimefanya kazi na mbwa wa ulinzi kitambo. Dada yangu, kuhusu kung'ata, tafadhali usimvalishe mjomba wako koti zito nyumbani eti mjaribu. Mbwa wa ulinzi huku wengi wanafundishwa hasira, wanafungwa wanachokozwa, na mbwa kama huyo huwezi kumpeleka uwanja wa IGP. Kule mbwa anaufuata ule mkono wa jute, ile kinga ya gunia anayovaa mtu mkononi, kama mchezo na lazima aachie ukisema neno moja. Hiyo ni kazi ya helpa, yaani huyo anayevaa mkono, aliyesomea, klabuni tu, na iwe ya mwisho.

Ila kuna kitu unaweza kufanya wewe mwenyewe. Mbwa aliyelelewa ndani na mama mzee pengine amekatazwa maisha yake yote kuvuta kitambaa, kila akishika kitu anaambiwa acha. Hilo katazo liko kichwani. Chukua gunia kuukuu, kaa naye pahali patulivu, likimbize chini polepole, akigusa tu kwa mdomo muache alibebe, aondoke nalo, msifu. Usimshindanie. Wengine huchukua wiki kadhaa kabla hawajaamini wameruhusiwa. Kama hajapenda kabisa, BH na kunusa bado ni mchezo mzuri tosha.

BintiMoro
Asanteni sana, mmenipa moyo. Hiyo BH ndiyo nini hasa? Na nitumie Kijerumani? Na hizo soseji hatanenepa?

FundiNyayo
BH ndiyo mlango, bila hiyo huingii IGP yoyote. Wewe unafanya mtihani wa maandishi, mbwa anafanya utii uwanjani na kamba na bila kamba, halafu mnatoka barabarani waone anavyokuwa kwa watu, baiskeli, mbwa wenzake. Mbwa mtulivu wa mama mzee hapo atakusaidia sana. Lugha yoyote inaruhusiwa ili mradi usibadilishe badilishe, na mimi ningekushauri Kiswahili, maana ile "Sitz" ya zamani ameizoea kuitii akitaka, "kaa" ni mpya haina historia. Soseji pima asubuhi na uitoe kwenye chakula chake cha jioni, na siku ya mazoezi marefu tumia chakula chake chenyewe cha punje changanya na soseji kidogo ipate harufu.

BintiMoro
Sawa, kesho napiga simu kwa daktari kuhusu eksirei.