Mrejesho: wasifu wa kazi wa mwanafunzi ambaye hajawahi kuajiriwa (Kisumu)

Habari zenu. Mwezi uliopita niliwauliza namna ya kuandika wasifu wa kazi nikiwa mwaka wa 3 wa uhasibu, sijawahi kuajiriwa popote. Asanteni kwa dhati, mlinishika mkono kama mdogo wenu.

Kurasa 4 nilizifupisha zikawa 1. Nikatoa dini, nambari ya kitambulisho na matokeo ya KCPE (mtihani wa mwisho wa shule ya msingi). Lakini lililonifaa zaidi ni swali la dada mmoja humu: likizo huwa unafanya nini? Likizo zote humshikia mama duka la M-Pesa pale Kibuye, na sikuwa nimeliandika! Sasa liko juu kabisa: "Nilihudumia wateja kama 60 kwa siku na kufunga hesabu ya floti kila jioni." (Floti ni pesa za duka za kuwahudumia wateja.)

Nilituma maombi 14. Walioniita ni wawili tu, na wote ni kati ya wale 6 niliowaandikia barua ya kipekee kama mlivyoshauri. Wengine niliwatumia barua moja ileile.

Usaili wa kwanza nilianguka. Nilikuwa nimeandika kwamba Ekseli naijua vizuri. Wakanipa kompyuta, nikakwama. Iliniuma sana. Hilo neno "vizuri" nimelifuta hadi nijifunze kweli.

Wa pili, duka la vifaa vya ujenzi huku Kondele, wamenichukua kwa mafunzo ya kazi ya miezi 3. Aliyenihoji aliuliza zaidi habari za floti. Naanza Jumatatu.