Series III na chumvi ya bahari: oili chafu, lami, nta au mafuta ya kondoo?

SiriziTatu_Tanga
Wakuu, heshima kwenu. Marehemu baba kaniachia Land Rover Series III ya mwaka 1978, ile ndefu ya inchi 109. Miaka yote ilikuwa Lushoto, imetulia kwenye baridi yake. Mwaka jana nikaishusha Tanga. Naishi Raskazone, na usiku nikiwa kitandani nasikia maji yakipiga ukuta. Miezi minane tu, boliti za bampa zimeanza kutoa machozi mekundu.

Nimeulizia kinga, kila mtu ana dini yake. Wa kwanza kasema oili chafu, wa pili lami ya kupaka chini, wa tatu nta ya kupulizia ndani ya chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima. Wa nne kanitajia lanolini, mafuta yanayotoka kwenye manyoya ya kondoo, nikadhani ananitania. Gari nataka kulitembelea, si kuliweka sebuleni. Ipi inafaa? Na asiniambie mtu niliuze.

Fundi_Chuma
Oili chafu, maliza. Miaka ishirini nanyoosha bodi. Ingia uvunguni mwa Land Rover yoyote ya zamani uangalie: chini ya injini na giaboksi, panapovuja, chuma kizima. Nenda nyuma kwenye chuma cha mwisho cha chesisi, pasipofikiwa na oili, utakuta pameliwa. Lile gari lilizaliwa na kinga yake.

Mwl_Kemia
Fundi, ulichokiona ni kweli, shida ni hiyo oili yenyewe. Iliyotumika imebeba asidi za mwako na chembe za vyuma, inavimbisha raba za bushi na hozi za breki, na masika moja tu inaoshwa yote ikaishia ardhini, halafu tunalalamika maji ya kisima yananuka.

Kwa mleta mada: kutu inataka chuma, maji na oksijeni. Chumvi inaiharakisha, kwa sababu maji ya chumvi yanapitisha umeme kirahisi. Tena chumvi inavuta unyevu wa hewani, ndiyo maana gari la Raskazone linaota kutu hata kiangazi bila tone la mvua. Kwa hiyo kabla ya kupaka chochote, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hadi ndani ya chesisi, kisha liache likauke siku kadhaa. Ukipaka juu ya chumvi umeifungia chumvi ndani.

Mvita504
Lami nakukataza, ndugu yangu. Nina Peugeot 504, nililipia lami tumbo zima, likatoka jeusi tii, nikajiona bwana harusi. Mwaka wa tatu naweka jeki chini ya mlango, jeki ikazama kama kidole kwenye papai bivu. Kumbe lami ilikuwa imekauka ikapasuka nyufa ndogo, maji yakaingia nyuma yake yakakaa. Juu unaona weusi mzuri, chini hakuna bati. Wallahi bora kutu ninayoiona.

Mwl_Kemia
Nyongeza kwa mwenye Series III. Watu watakwambia bodi ni aluminiamu haishiki kutu. Nyekundu haishiki, sawa. Ila inapogusana na chuma penye maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Ukiona rangi imevimba vipele na ukiikwangua unatoka unga mweupe, ndiyo hiyo. Kila boliti inayoshika bodi na chuma ivue, ipake grisi, irudishe.

Mbongo_Leeds
Huku Leeds, Uingereza, majira ya baridi wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, basi wenye magari ya zamani wanaijua kutu kama shemeji mkorofi. Hayo mafuta ya kondoo si utani, natumia mwaka wa sita. Yanapenya kwenye maungio na hayakauki yakapasuka kama lami, ukikwaruzwa na jiwe yanajisogeza yenyewe kuziba. Ubaya wake, lazima upake upya kila mwaka, maji ya presha yanayang'oa, na wiki mbili za kwanza gari linanuka zizi.

Ila kosa la wengi ni kupaka nje tu. Chesisi ya Series ni boksi la mabamba yaliyochomelewa, inaoza kuanzia ndani. Huko ndani mimi naweka nta, kwa mpira mrefu wenye ncha inayorusha pande zote, napitisha kwenye matundu ya chesisi. Usiyazibe matundu ya chini, ndiko maji yanakotokea.

Mvita504
Kwa joto la pwani nta si itayeyuka?

Mbongo_Leeds
Inalainika. Ukiipaka nje itaokota mchanga wote wa Raskazone. Ndani ya chesisi hakuna mchanga mwingi, na ikilainika inajaza maungio vizuri zaidi. Ndiyo maana nasema nta ndani, kondoo nje.

Fundi_Chuma
Makopo ya Leeds yakifika hapa bei yake unanunua kondoo mzima na manyoya yake. Asiyekuwa na hela atumie oili mpya ya mnyororo wa msumeno wa kukatia miti. Inanata kama asali, haichuruziki upesi. Akae mbali na ngoma za breki tu. Mwalimu nimekusikia kuhusu ile chafu, sijakubali yote.

Kijiwe_Baharini
Mimi nimeona mtandaoni kidude cha umeme, unafunga kwenye betri kutu inakimbia. Vipi?

Mwl_Kemia
Okoa hela yako. Kuzuia kutu kwa umeme kunafanya kazi kwenye meli, kwa sababu bahari inaunganisha mzunguko. Gari liko hewani, umeme utapita wapi?

AboSalim_Muscat
Nami nina la turubai. Hapa Muscat unyevu wa kiangazi unazidi. Nilifunika Land Cruiser yangu kwa plastiki nikidhani naihifadhi, kila asubuhi bati limelowa kama limetoka kuoshwa. Sasa inalala kibandani, pande mbili wazi, upepo unapita. Bora zaidi.

SiriziTatu_Tanga
Asanteni wakuu. Leo nimeingia uvunguni na nyundo ndogo. Mbele kote inalia *ting*. Nyuma, kile chuma cha mwisho, imelia *pu*, na bisibisi imezama nusu kipande. Kwa hiyo kabla ya kondoo kuna kuchomelea. Nawaza nifanye kipindi hiki cha kaskazi, jua kali, chesisi ikauke kabla masika hayajaingia. Fundi, uko barabara gani?

Fundi_Chuma
Nimekutumia namba kwa ujumbe wa siri. Kama ni stesheni wagoni, ile yenye madirisha na viti hadi nyuma, tangi la mafuta liko hapo hapo nyuma, tutalishusha kwanza. Na tafadhali mkuu, usije umelipaka kitu chochote. Sichomelei gari lenye oili.