Uzamivu wa elimu: pendekezo limepita, data nimeanza, sasa naona kosa. Narudi hatua ngapi?

Mkufunzi_Igoma

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za kazi.

Ni mkufunzi wa chuo cha ualimu hapa Mwanza, nasoma uzamivu wa elimu mwaka wa tatu. Kozi za darasani nilimaliza mwaka wa kwanza. Pendekezo la utafiti nililitetea mara mbili. Mara ya kwanza jopo lilinirudisha kwa sababu nilikuwa na malengo mahususi saba, nikayapunguza yakabaki matatu. Baada ya hapo cheti cha maadili (kibali cha kamati ya chuo cha kuhusisha watu kwenye utafiti), barua ya chuo, kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kushuka wilayani hadi shuleni. Nachunguza mahudhurio ya darasa la tano na la sita katika shule za msingi zilizo jirani na mialo ya dagaa (sehemu za ufukweni mitumbwi inaposhusha mzigo), upande wa Sengerema na Buchosa.

Pendekezo linasema nitachukua wastani wa mahudhurio wa kila mwezi, kwa miezi 18, nilinganishe shule za mwaloni na shule za mbali na ziwa. Wiki tatu zilizopita nilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu wa shule moja nikinakili jumla za mwezi. Mwalimu wa darasa la sita akasimama nyuma yangu, akaniuliza, "Mwalimu, mbona unachukua jumla peke yake?" Akanifungulia daftari la mahudhurio, akaweka kidole. Majina yaleyale kama kumi na mawili, sifuri za wino mwekundu siku tisa mfululizo za masomo. Baada ya hapo alama za vema tupu, wamerudi wote. Akafunua ukurasa wa mwezi uliofuata, hali ileile, ila imesogea siku moja hivi. "Hilo ni giza," akasema. "Mbalamwezi ikiwaka wanakuja."

Wasiojua uvuvi wetu: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, sasa zipo nyingi za sola. Usiku usio na mwezi taa inavuta dagaa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa unamezwa, mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo wakati wa giza mzigo unashuka alfajiri, na watoto ndio wanaoanika, wanaogeuza, wanaofukuza ndege, wanaokimbia kuanua wingu likitanda.

Sasa tazameni. Mzunguko wa mwezi angani ni siku 29 na nusu. Mwezi wa kalenda ni siku 30 au 31, ukiacha Februari. Maana yake kila wastani wangu umebeba giza moja na mbalamwezi moja, vimechanganywa, vikasawazishana. Nilichora wastani wa shule ile kwa miezi sita, mstari umelala kama meza. Nilipochora siku kwa siku, unapanda na kushuka. Jambo lote ninalolitafuta limo kwenye siku, na pendekezo langu linalifuta.

Nataka kuhesabu kwa siku. Pia nataka kuongea na akina mama wanaoanika, ambao hawamo kwenye maombi yangu ya maadili. Msimamizi wangu mkuu yuko nje ya nchi kwa likizo ya utafiti, kujibu kunachukua wiki. Msimamizi wa pili ameniambia nimalize kilichopitishwa, haya mengine niyaweke kwenye mapendekezo ya tafiti zijazo. Namheshimu sana, lakini siwezi kuandika sura ya matokeo nikisema hakuna tofauti huku nimeiona kwa macho yangu.

Je, narudi kutetea pendekezo upya? Mwaka wa nne unakuja na ada yake.

---

Mzee wa Nyegezi

Marahaba mwanangu.

Nimekaa kwenye majopo haya miaka mingi kabla ya kustaafu. Kila chuo kina kanuni zake, kwa hiyo soma mwongozo wa masomo ya uzamivu wa chuo chako leo, usisubiri kusimuliwa. Lakini kwa ninavyoliona, umebeba mambo mawili na unayaita moja.

La kwanza ni siku badala ya mwezi. Mada haijabadilika, malengo yako matatu yapo, shule ni zilezile, hata daftari ni lilelile. Kilichobadilika ni jinsi unavyolisoma. Hilo kwa kawaida halikurudishi mbele ya jopo. Andika maelezo ya ukurasa mmoja, weka ile michoro miwili, wasimamizi wote wawili watie saini, yaingie kwenye taarifa yako ya maendeleo, na sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, ueleze wazi kwamba ulibadili, lini na kwa nini. Mtahini wa nje haogopi mabadiliko. Anachokitilia shaka ni mabadiliko aliyoyagundua mwenyewe.

La pili ni akina mama. Hao ni washiriki wapya. Usimhoji hata mmoja kabla kamati ya maadili haijakubali nyongeza. Andaa fomu ya ridhaa na mwongozo wa mahojiano, upeleke vyote pamoja. Na ukishawishika kuongea na watoto wenyewe, kumbuka kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 mtoto ni aliye chini ya miaka 18, hivyo unahitaji ridhaa ya mzazi, na mtoto naye umuulize kama anakubali.

Jambo ambalo hukuuliza: uchambuzi wako wa zamani hautafaa tena. Ukiwa na siku, siku za mtoto mmoja zinafanana kuliko za watoto wawili, na watoto wa shule moja wanafanana kuliko wa shule mbili. Ukizichukulia zote kama data zinazojitegemea utapata matokeo mazuri yasiyo ya kweli. Unahitaji modeli ya ngazi: siku ndani ya mtoto, mtoto ndani ya shule. Tafuta mtu wa takwimu sasa, kabla hujajaza hata safu moja kwenye kompyuta.

---

Ticha wa Kome

Shikamoo Mzee. Dada pole na kazi.

Mimi nafundisha kisiwani Kome, huku Buchosa, hiyo giza naishi nayo. Angalia mambo mawili kwenye madaftari. Kwanza, wapo walimu wanaojaza Ijumaa kwa kukumbuka wiki nzima. Simlaumu mtu, darasa la watoto mia na mwalimu mmoja ni mzigo, ila kwako ni hatari kwa sababu sasa unategemea siku. Njoo mwenyewe siku ambayo hukusema utakuja, hesabu vichwa, linganisha na daftari.

Pili, kambi zinahama. Dagaa wakisogea, familia inafunga mabati na neti, inahamia mwalo mwingine, mtoto anaondoka bila uhamisho. Kwenye daftari anaendelea kupata sifuri hadi mwisho wa muhula. Huyo si mtoro wa giza, huyo hayupo kabisa. Usipomtenga atakuharibia hesabu yote. Muulize mwalimu wa darasa jina kwa jina, anajua nani amehama na kwenda wapi.

Halafu kumbuka Sengerema na Buchosa ni wilaya moja lakini halmashauri mbili. Barua ya Mkurugenzi wa huku haifungui mlango wa kule.

---

Mwanafunzi mwenzio

Dada, msikilize Mzee kuhusu nyongeza ya maadili. Mimi nilihoji kundi ambalo halikuwa kwenye maombi, nikiwa na nia safi kabisa. Wakati wa kuwasilisha tasnifu nikaulizwa kibali chao kiko wapi. Nikaondoa mahojiano yale yote. Miezi minne ya kazi. Bado nayasikia maneno ya wale wazazi na siwezi kuyatumia popote.

---

Mkufunzi_Igoma

Asanteni sana. Mzee, nilifanya ulivyosema usiku uleule. Nilichora michoro miwili kwa mkono kwenye karatasi ya miraba, nikaipiga picha, nikamtumia msimamizi mkuu pamoja na ukurasa mmoja wa maelezo. Amejibu asubuhi yake! Amekubali siku, na ameniuliza swali moja: "Giza lako linaanza tarehe ipi na kuisha ipi?"

Nilidhani ni jepesi, nichukue tarehe za mwezi mwandamo kwenye kalenda. Nikampigia yule mwalimu wa darasa la sita, akampa simu mzee mmoja wa mwaloni. Mzee akanieleza taratibu: giza la mvuvi halingoji mwezi upotee. Mwezi ukishapevuka, kila usiku unachelewa kuchomoza, karibu saa nzima. Siku chache baada ya mwezi mpevu, mwanzo wa usiku tayari ni mweusi na mitumbwi inaingia ziwani. Kwa hiyo ningetumia kalenda ningeanza kuhesabu nikiwa nimechelewa siku kadhaa.

Sasa naomba nione kumbukumbu za mzigo unaoshushwa kila siku kwenye kikundi cha usimamizi wa mwalo, ili giza langu lipimwe kwa mitumbwi iliyotoka. Hilo nalo nimeliingiza kwenye nyongeza ya maadili, pamoja na akina mama. Msimamizi wa pili ametia saini jana, ameniomba nakala ya mchoro.

Ticha wa Kome, suala la kambi kuhama sikuliwaza kabisa. Jumatatu napita daraja la Kigongo–Busisi kufuata barua ya Buchosa. Nikiipata nitakuja huko kwenu, na nitaanza na hao watoto waliohama, jina kwa jina.