Tupeane uzoefu: viongezeo kwenye chakula cha kuku wa mayai, kipi kilikusaidia na kipi kilikuponza

Mleta mada

Wakuu habari zenu. Mi nafuga kuku wa mayai mwaka wa sita huu na chakula nachanganya mwenyewe, naomba tukae hapa tuambizane ukweli kuhusu hivi viongezeo, maana kila ukienda kununua pumba unaonyeshwa kikopo kipya cha kuongeza mayai, unabeba, ukifika bandani unamwaga tu bila kujua kuku wako wamepungukiwa nini. Naanza mimi.

Kundi langu la pili lilipofika kama wiki ya 50 mayai yakaanza kuja na ganda laini, mengine ukiyashika kidole kinazama, unainua trei ya juu ya chini yote imelowa ute. Nikaongeza chokaa. Hamna kitu. Nikaongeza tena, nikatia vitamini kwenye maji, nikatia na kimeng'enya nilichoambiwa kinakaza ganda, vyote ndani ya wiki moja. Kuku wakaanza kususa, chakula kimekuwa vumbi tupu, wanadonoa punje za mahindi unga unabaki umeganda kwenye kihori. Nimekuja kugundua baadae sana kwamba kiasi cha chokaa hakikuwa na tatizo toka mwanzo, tatizo ni kwamba chokaa yenyewe ilikuwa ya unga mtupu.

Yai moja ganda lake lina kalsiamu gramu 2 na kidogo, na kuku analijenga kwa masaa karibu 20, sehemu kubwa ya kazi hiyo anaifanya usiku, na usiku kuku hali. Chokaa ya unga inapita haraka, ikifika usiku wa manane tumboni hamna kitu anaanza kuchota kwenye mifupa yake mwenyewe, ndo unakuta tetea mzuri tu anaishiwa nguvu ya miguu. Chokaa ya punje, zile za milimita 2 mpaka 4, inakaa kwenye firigisi inayeyuka taratibu hadi asubuhi. Sa hivi kwa kuku wakubwa naweka punje sehemu mbili na unga sehemu moja, jumla kuku apate kama gramu 4 za kalsiamu kwa siku, na mlo mkubwa nautoa jioni. Kuna tetea alivunjika mguu nikamchinja alfajiri, nikapasua firigisi, nikakuta punje za chokaa bado zipo zimelainika kingo kama kipande cha sabuni kilichotumika. Nilikaa pale naziangalia kwenye kiganja, nikasema kumbe!

Ganda halikurudi siku moja, ilichukua kama wiki mbili. Kile kimeng'enya nilishakiacha na sikuona tofauti yoyote. Haya karibuni, semeni mlitia nini, kwa sababu gani na mliona nini.

Mdau wa 2

Mkuu umenigusa kabisa. Nyongeza yangu, pimeni chokaa kwanza kabla ya kulaumu kuku. Chukua nusu kijiko cha chai, tia kwenye glasi ya siki, chokaa halisi itatoa mapovu, iache mpaka kesho yake huku ukikoroga koroga. Kinachobaki chini kisichoyeyuka ndo mchanga unaowalisha kuku wako. Mimi karibu nusu ilibaki!! Miezi minne nimewalisha vile na kila mtu ananishauri niongeze vitamini D. Vitamini D ni ya lazima ndio, bila hiyo kalsiamu haifyonzwi, ila itafyonza nini kama chokaa yenyewe haipo.

Na tafadhali wale wageni, chokaa ya kujengea siyo hii, inaunguza, msije mkachanganya. Na chakula cha kuku wanaotaga msiwape kuku wadogo ambao hawajakaribia kutaga, kalsiamu nyingi hivyo inawaharibu figo.

Mdau wa 3

Mi yangu ni ya rangi ya kiini. Mahindi ya njano yalinikatikia nikaingia kwenye meupe, kiini kikawa cheupe cheupe, wateja wakaanza kunisema kuku wangu wagonjwa. Nikanunua unga wa rangi unaotokana na maua ya manjano (meregoldi), nikatia kipimo, siku ya kwanza hamna, ya pili hamna, ya tatu nikazidisha mara mbili, ya tano nikazidisha tena. Ilipofika kama siku ya kumi na mbili kiini kimekolea njano hadi kinakaribia rangi ya chungwa, wateja wale wale wakaogopa zaidi. Hakuna aliyeniambia kwamba kiini kinajazwa taratibu kwa siku kama kumi kabla yai halijatoka, kwahiyo unachotia leo unakiona wiki ijayo. Rangi haina haraka jamani, tia kipimo kisha subiri wiki mbili ndo uamue.

Na nimeamini sasa kwamba rangi haimaanishi yai lina lishe zaidi, ila mteja ananunua kwa macho. Siku hizi natumia majani makavu ya lusani yaliyosagwa na mahindi ya njano nikiyapata.

Mleta mada

Dada asante sana, hiyo ya siku kumi wengi hatuijui. Na wanaotumia majani ya lusina (ule mti wa malisho, siyo lusani) wawe makini wasizidishe, yana sumu ya mimosini inayopunguza kutaga.

Mdau wa 4

Mimi niliponzwa na kiongezeo ambacho hata sikujua kama kipo. Nilibakiwa na mifuko mitatu ya chakula cha kuku wa nyama, nikaona nisitupe mali, nikawachanganyia matetea. Kuku wangu wanataga mayai ya kahawia. Baada ya siku chache mayai yakaanza kupauka, kila siku yanapauka zaidi, ikafika mahali nina trei nzima nyeupe kama chaki, ukivunja kiini kina madoa madoa. Nikajua ni ugonjwa, usingizi ukaisha. Daktari wa mifugo alipokuja akaniambia niende nikamletee mfuko, akasoma karatasi iliyoshonewa pale, akaweka kidole kwenye neno moja: nikabazini. Ni dawa ya kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo), kwa kuku wa nyama sawa, kwa anayetaga inafuta rangi ya ganda na kama unatotolesha vifaranga hawatoki vizuri. Nikaacha chakula kile, siku kadhaa rangi ikarudi yenyewe bila dawa yoyote. Mayai ya siku zile sikuyauza, aliniambia dawa inaingia ndani ya yai.

Someni ile karatasi ya mfuko ndugu zangu. Kingine alichonionya, kama chakula kina monensini au salinomisini (nazo ni dawa za koksidia) halafu ukawapa kuku antibayotiki ya tiamulini kwa ajili ya mafua, hizo dawa zikikutana zinaua.

Mdau wa 5

Wakuu mi naomba kuuliza, fitezi (kile kimeng'enya cha kutia kwenye chakula) kuna aliyeitumia? Nimetia mwezi mzima sijaona chochote, mayai yale yale.

Mdau wa 6

Kaka na DCP (ule unga wa kuongeza fosforasi na kalsiamu) ulipunguza? Kama hukupunguza hutaona kitu. Fosforasi kwenye mahindi, soya na pumba, kama theluthi mbili yake imefungiwa ndani ya kitu kinaitwa fitati na kuku hana uwezo mzuri wa kuifungua, fitezi ndo ufunguo. Sasa kama tayari umeweka DCP ya kutosha kuku haihitaji hiyo ya ziada, inatoka na kinyesi. Faida ya fitezi ni kukupunguzia DCP, lakini usikate kwa kukisia, mpe mtaalamu fomula yako aipige hesabu upya kulingana na fitezi uliyonayo, na kalsiamu aiangalie hapo hapo maana nayo inaachiliwa kidogo. Mimi nilifanya hivo, mayai hayakuongezeka hata moja ila gharama ilishuka, na ndo nilichokuwa nakitaka.

Mdau wa 7

Naona hakuna aliyegusa kuchanganya na hapa ndo tunapotezea vingi. Mi nilikuwa nachota premiksi (ule mchanganyiko wa vitamini na madini) namwaga juu ya rundo nageuza na koleo mara mbili tatu basi. Siku moja nikachukua punje 1000 za mahindi nikazipaka rangi nyekundu, nikazimwaga kwenye kilo 100 kama ninavyofanya premiksi, nikageuza kama kawaida yangu, halafu nikachota kilo moja moja sehemu kumi tofauti nikahesabu. Ilitakiwa kila kilo iwe na punje kama 10. Moja ilikuwa na 31. Nyingine 2. Yaani ndo methionini yangu (kirutubisho cha protini) na vitamini na chumvi vilivyokuwa vinagawanyika hivyo hivyo, kuku mmoja anakula dozi ya watatu mwenzie anakula pumba, halafu nashangaa kwanini mayai hayalingani ukubwa na wanadonoana manyoya.

Sa hivi premiksi naichanganya kwanza na pumba kilo mbili ndani ya ndoo mpaka rangi iwe moja, naongeza tano, naongeza ishirini, ndo naingiza kwenye rundo. Nilirudia hesabu ya punje nikapata kati ya 7 na 14. Na kolini klaraidi, kile kirutubisho cha unga, msiihifadhi pamoja na vitamini, ile inavuta unyevu na inaziharibu.

Mdau wa 8

Mimi niseme kuhusu sumukuvu, yaani sumu zinazotengenezwa na ukungu, kwa sababu imenitia hasara ya kundi zima. Nilipata mahindi yameshika ukungu kidogo, nikaambiwa tia kizuizi cha sumukuvu itakuwa salama. Nikatia. Mayai yakashuka, viini vikapauka, waliokufa nikiwapasua ini limevimba limekuwa la njano linavunjika kama maandazi ya jana. Vile vizuizi vya udongo vinashika aflatoksini vizuri, aina nyingine za sumu havishiki au vinashika kidogo, na mzigo ukizidi hata hiyo aflatoksini inapita. Kwahiyo natia mpaka leo lakini kama akiba tu, ulinzi wangu uko kwenye mahindi yenyewe. Nachukua chupa kavu, natia mahindi na chumvi kavu kidogo, natikisa dakika chache, chumvi ikinata kwenye chupa hayo mahindi mabichi siyapokei hata kama lori limeshafika getini.

Mdau wa 9

Kwa ufupi: mayai yangu yalinuka samaki. Nikapunguza unga wa samaki, bado baadhi yananuka. Kumbe baadhi ya kuku wa mayai ya kahawia kwa kuzaliwa hawawezi kuvunja ile kemikali yenye harufu, na kolini ikizidi inaileta hata bila samaki. Nilikuwa natia kolini mara mbili, ipo kwenye premiksi na nyingine naongeza pembeni. Nikaacha ya pembeni, harufu ikaisha.

Mdau wa 10

Probayotiki (vijidudu vizuri vya tumbo) nilitia huku kuku wakiwa kwenye antibayotiki, wale vijidudu nikawaua mwenyewe. Subirini dozi iishe.

Mdau wa 5

Mdau wa 6 nashukuru sana kaka, DCP sikuigusa kabisa, kesho nampelekea mtaalamu fomula. Halafu hiyo ya siki nimeijaribu saa hizi na chokaa yangu, mapovu yametoka kidogo yakakoma, glasi chini bado imejaa. Niliinywesha siki mara ya pili nikidhani haikutosha, hamna povu hata moja. Naiacha mezani mpaka asubuhi nione.