Tupeane uzoefu: faili la Excel lililopakiwa bila kelele, kumbe data imeharibika

Safuwima: Wakuu, salaam. Faili likikataliwa na programu halinisumbui, maana unasoma kosa na kurekebisha. Balaa ni lile linalopokelewa vizuri huku data imeshaharibika. Leteni visa vya aina hiyo.

Naanza. Nililetewa orodha ya sampuli zenye namba za tarakimu 18. Excel hushika tarakimu 15 za namba, zinazobaki inazifanya sifuri. Basi sampuli tofauti zikajikuta na namba moja, na programu ya maabara ikazichukulia kuwa kitu kimoja. Kuibadili kolamu iwe maandishi baada ya hapo hakusaidii, tarakimu zimeshakwenda. Ilibidi tuombe upya faili lililotoka kwenye mashine. Siku hizi CSV (faili la maandishi matupu, data ikitenganishwa kwa mkato) siifungui kwa kubofya mara mbili: naiingiza kupitia menyu ya Data, kolamu ya namba naitaja mapema kuwa maandishi.

Mchoraramani: Kwenye QGIS, programu ya ramani, kosa linaonekana kwa macho, visima vyote viko katikati ya bahari. X ni longitudo, Y ni latitudo, lakini watu wamezoea kutaja latitudo kwanza, basi kolamu zinapishana. Kodi (namba za utambulisho) zenye sifuri mwanzoni nazo hukatwa kichwa, sifuri zinapotea. Dawa yake ni faili dogo la .csvt lenye jina lilelile, kando ya CSV, linalotaja aina ya kila kolamu: "String","Real" na kadhalika.

BintiTakwimu: Kwangu ni majibu yasiyokuwepo. Aliyeingiza data aliweka -99 kwa asiyejibu, jambo zuri tu, ila hakumwambia mtu. SPSS, programu ya takwimu, isipoelezwa kwamba hiyo ni alama ya pengo, inaihesabu kama umri halali. Wastani ukashuka, lakini si kiasi cha kumshtua mtu, na ndiyo maana ulipita.

Mchoraramani: Si mngeacha seli tupu tu?

BintiTakwimu: Hapana ndugu yangu. Aliyekataa kujibu na ambaye swali halimhusu ni watu wawili tofauti. Seli tupu inawachanganya. Weka kodi mbili, uzieleze kwenye karatasi ya pili ya faili. Na sifuri usiitumie kabisa, kwa sababu sifuri ni jibu.

Vinasaba: Sisi tulishindwa na Excel hadi majina ya jeni yakabadilishwa! MARCH1 ilikuwa inageuzwa tarehe, sasa inaitwa MARCHF1. SEPT1 ni SEPTIN1. Kamati ya majina ilitangaza mwaka 2020. Majedwali ya zamani bado yana tarehe mahali pa jeni, kwa hiyo kagueni.

Mzee wa R: Jinsi tatu: "Mke", "Mume", halafu "Mke" tena. "Mke" ya pili ilikuwa na nafasi isiyokatika mwishoni (herufi inayoonekana kama nafasi ya kawaida, kumbe siyo), imenakiliwa kutoka ukurasa wa wavuti. TRIM, fomula ya Excel ya kuondoa nafasi za ziada, haiioni. Kwanza tumia fomula ya SUBSTITUTE kugeuza CHAR(160), yaani herufi hiyo, iwe nafasi ya kawaida, ndipo uite TRIM.

Mgeni_wa_data: Samahani wakubwa, mimi tarehe zangu zote zimesogea miaka minne na siku moja. Nimelogwa?

Safuwima: Hujalogwa. Hiyo ni siku 1,462, tofauti ya kuhesabu siku kuanzia 1900 na kuanzia 1904; huu wa 1904 ndio uliokuwa ukitumika kwenye Excel za zamani za Mac. Angalia mipangilio ya faili ulilonakili kutoka, kisha uhifadhi tarehe kwa mtindo wa 2024-03-07, yaani mwaka, mwezi, siku.