Rauta ya wifi ya nyumbani, nichukue ipi bila kutupa hela?

sebule_ya_mwisho:
Habari wakuu, naomba ushauri kabla sijatoa hela. Nyumba ina vyumba vitatu na sebule, kuta za tofali, intaneti ni faiba ya Mbps 50, tuko watano kila mtu na simu yake, laptopu mbili na TV. Rauta ipo kona ya sebule, pale sebuleni iko poa ila chumba cha mwisho video zinakwamakwama. Muuzaji ananiambia nichukue moja ina antena sita, boksi limeandikwa AX5400, bei yake mara nne ya zile ndogo. Kweli naihitaji?

waya_kwanza:
Mkuu shikilia hela yako kwanza. Hiyo 5400 ni kasi (Mbps) za masafa mawili ya wifi wamezijumlisha, kama 574 za 2.4GHz na 4804 za 5GHz, na simu yako inashika upande mmoja tu kwa wakati. Halafu kifurushi ni 50, rauta haiwezi kukupa intaneti usiyoilipia. Kinachokusumbua ni kuta. 5GHz ina kasi ila ikipita ukuta wa pili wa tofali imeshachoka, 2.4GHz inafika mbali lakini ni ya polepole na inagombaniwa na wifi za majirani, bluetooth, mpaka oveni ya maikrowevu. Na antena sita hazivunji ukuta, nguvu ya kurusha ina kikomo cha kisheria na simu nayo lazima ijibu kwa kiantena chake kidogo. Pima spidi ukiwa umesimama karibu na rauta kisha pima chumba cha mwisho. Ikiwa sebuleni unapata kama 45 na kule 4, itoe hapo konani uiweke katikati ya nyumba, juu juu, isiwe nyuma ya TV wala ndani ya kabati.

nusu_gigabiti:
Naunga mkono, ila rauta ikiwa ya zamani sana ibadilishe tu. Angalia iwe Wifi 6 (kizazi cha sita cha wifi), hiyo ilianza kuthibitishwa 2019 na inahudumia vifaa vingi kwa pamoja vizuri zaidi, ile ndogo ya AX1500 au AX1800 inakutosha kabisa. Iwe na WPA3 (ulinzi mpya wa wifi yenye nywila), na kampuni iwe bado inatoa masasisho ya usalama, hilo watu wanalipuuza na mimi naliona kubwa kuliko antena. Cheki na matundu ya waya, yakiwa ya Mbps 100 leo hutaona tofauti lakini siku ukipanda kifurushi cha 200 utakwama kwenye tisini na kitu, kwa hiyo tafuta ya gigabiti (Mbps 1000).

sebule_ya_mwisho:
Asanteni sana. Nimeihamishia koridoni juu ya kabati, chumba cha mwisho kimetoka 3 hadi 19, video zinaenda. Ila laptopu ya mtoto anayesomea huko bado inakatika mkutano ukiwa mrefu, ninunue kile kiboksi cha kuchomeka ukutani?

waya_kwanza:
Hapana, vile vya bei rahisi vingi vinapokea na kurusha kwa masafa yaleyale, spidi inashuka karibu nusu. Kama una rauta nyingine ya zamani, vuta waya mpaka kule, zima DHCP yake (kazi ya kugawia vifaa anwani za mtandao), ibadilishie anwani yake isigongane na ile kubwa, waya uingie tundu la LAN (la vifaa vya nyumbani) sio la WAN (la kuingizia intaneti), halafu ipe jina na nywila ileile ya wifi. Na laptopu ya mtoto ichomeke waya hapohapo.