Naomba ushauri: makadirio ya methani yanang'ang'ania takwimu za awali

Wakuu, habari. Nakadiria methani inayotoka ardhini kwa kurudi nyuma: nachukua vipimo vya setilaiti ya Sentinel-5P, iliyorushwa 2017, kisha modeli ya upepo inaonyesha gesi ilikotoka. Shida ni kwamba majibu yanabaki karibu yaleyale ya orodha ya awali ya vyanzo (makadirio ninayoanza nayo kabla ya kutumia vipimo), kana kwamba vipimo havina sauti. Nikilegeza imani yangu kwa orodha hiyo, ramani inajaa madoa, mengine hasi (dampo linalofyonza methani, jamani!). Nashuku methani inayoingia kutoka nje ya mipaka ya modeli, yaani nje ya eneo ninalolikokotoa. Je, niikadirie pamoja na vyanzo? Na umbali wa uhusiano wa makosa kati ya vyanzo jirani (yaani hadi umbali gani makosa yao yanachukuliwa kuwa yanafanana) mnauchaguaje?